Kitufe ni Kitenzi: Historia ya Programu za Simu kwa Wanachuo na Lugha Iliyomo

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda msomaji wa jarida la lugha hakutarajia kulikuta hapa, nalo ni utungaji wa programu za simu za mkononi kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo. Aghalabu jambo hilo huachiwa wataalamu wa kompyuta, nao wataalamu wa lugha hukaa kando wakingoja kuombwa istilahi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba mgawanyo huo wa kazi una historia yake, na kwamba historia hiyo imezaa hali ya ajabu katika nchi ya Kenya. Simu ya mwanachuo humsemesha Kiswahili inapomwuzia kitu au kumkopesha, lakini humsemesha Kiingereza inapomsajili, inapomfundisha, na inapomdai karo. Hali hiyo haikuletwa na amri ya mtu yeyote. Ilijengeka kidogo kidogo, na kila hatua ilikuwa na sababu zake ambazo zilionekana kuwa za busara wakati huo.

Kwa kusema ‘programu ya simu’ nakusudia kila mpango wa maagizo unaomwezesha mtu kufanya kazi fulani kwa simu yake, uwe umepakuliwa kutoka mtandaoni, uwe umekaa ndani ya kadi ya simu, au uwe unafunguliwa kwa kupiga nambari zenye nyota na reli. Wako watakaosema kwamba maana hii ni pana mno, na kwamba jina la programu tumizi lifaa kuwekewa zile tu zenye kuonekana kama vipicha vidogo juu ya kioo cha kugusa. Tukiibana maana kiasi hicho, hatuna budi kuitupa nje sehemu kubwa ya historia ya Afrika ya Mashariki, kwa kuwa huku programu zilitangulia vioo vya kugusa kwa miaka kadha.

Asili ya mambo yenyewe, walakini, iko Marekani, na yafaa tuanzie huko. Mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana, Donald Bitzer na wenzake walianza kuunda mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO. Huo haukuwa wa mkononi hata kidogo. Mwanafunzi aliketi mbele ya kioo kilichounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa. Lakini mambo mawili katika mtambo huo yanatuhusu. Kwanza, toleo lake la nne, lililotoka mwaka 1972, lilikuwa na kioo kilichotambua mahali kilipoguswa na kidole, hivyo mwanachuo wa Illinois aligusa jibu lake miaka mingi kabla ya simu za leo. Pili, ilibuniwa lugha maalumu ya kuandikia masomo, iliyoitwa TUTOR, ili mwalimu wa botania au wa Kilatini aweze kutunga somo mwenyewe pasi na kumngojea fundi. Maagizo ya lugha hiyo yalikuwa maneno ya Kiingereza cha kawaida. Mwalimu, mwanafunzi, fundi na mtambo, wote walikutana katika lugha moja, na kwa sababu hiyo swali la lugha halikuulizwa na mtu.

Swali hilo halikuulizwa hata baadaye. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Duke kiliwagawia wanafunzi wake wote wa mwaka wa kwanza, zaidi ya 1,600, vyombo vidogo vya kusikilizia muziki aina ya iPod, kwa matumaini kwamba watavitumia kusikilizia mihadhara.  Mwezi wa Julai 2008 ndipo kampuni ya Apple ilipofungua duka lake la programu, likiwa na programu zipatazo 500. Mwaka uo huo vijana waliokuwa wakisoma Stanford walitunga programu iliyoitwa iStanford. Ndani yake mlikuwa na ramani ya chuo, orodha ya masomo, kitabu cha simu za wanachuo na walimu, na matokeo ya michezo. Ukiyatazama mambo hayo utaona kwamba hakuna hata moja lililobuniwa kwa nadharia. Ni mambo ambayo mwanafunzi mgeni huuliza kila asubuhi: darasa liko wapi, somo hili hufundishwa na nani, fulani anapatikanaje. Mwaka 2009 kampuni yao, Terriblyclever, ilinunuliwa na Blackboard, kampuni kubwa iliyokuwa ikiuza mitambo ya masomo kwa vyuo.

Ununuzi huo naona una maana kubwa kuliko unavyotajwa. Kabla yake, programu ya wanachuo ilikuwa kitu cha wanachuo. Baada yake ikawa bidhaa ambayo chuo hununua, na anayeinunua ni msajili, wala si mwanafunzi. Aliyeandika maneno ya kioo hakuwa tena kijana anayewaandikia wenzake wa bweni moja. Vyuo vya ulimwengu mzima, na vya Kenya vikiwamo, vilipoanza kujipatia mitambo ya namna hiyo, vilipokea mtambo pamoja na maneno yake, na maneno hayo yalikuwa yamekwisha kupoa yakawa lugha ya ofisi.

Nairobi iliingia katika historia hii kwa mlango mwingine. Kati ya mwaka 2006 na miaka iliyofuata, Nathan Eagle, mtafiti kutoka MIT, alifundisha utungaji wa programu za simu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na pia aliishi na kufanya kazi Kilifi. Mpango wake uliitwa EPROM. Simu zilizotumika hazikuwa na kioo cha kugusa, na wanafunzi walitakiwa kufikiri ni kazi gani simu ya namna hiyo yaweza kufanya katika nchi hii. Tukio moja la Kilifi limesimuliwa mara nyingi, nalo lastahili. Ilitungwa programu ya kuwawezesha wauguzi wa hospitali za pwani kutuma kwa ujumbe mfupi hesabu ya damu iliyobaki katika akiba zao. Wauguzi waliipenda, wakatuma kwa siku chache, kisha ujumbe ukaanza kupungua mpaka ukakaribia kukoma. Sababu haikuwa uvivu. Kila ujumbe ulikatwa katika salio la muuguzi mwenyewe, na mtu hawezi kulipia kazi ya serikali kutoka mfukoni mwake kila siku. Programu ilipogeuzwa ikawa inamrudishia muuguzi gharama yake na senti kidogo juu yake, ujumbe ukarudi kutiririka. Kutokana na jambo hilo Eagle alianzisha mpango ulioitwa txteagle, wa kuwapa watu kazi ndogo ndogo kupitia simu na kuwalipa kwa muda wa maongezi. Miongoni mwa kazi hizo ilikuwa kutafsiri maneno kwa lugha za Kenya.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha kwamba mafundi wa Nairobi walijifunza mapema sana kuhusu pesa. Walijifunza kwamba programu nzuri yaweza kufa kwa ajili ya shilingi moja. Kuhusu lugha hawakupata funzo kama hilo, au tuseme walilipata watu wengine, nao ni wafanyabiashara.

Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ilianzisha huduma ya kumgawia mwenzio muda wa maongezi, ikaiita Sambaza. Neno lenyewe ni la zamani na halikuhitaji kuelezwa. Katika mabweni ya vyuo, ambamo kila mtu alikuwa na simu lakini si kila mtu alikuwa na salio, kitenzi hiki kilienea kwa siku chache, na mtu akawa anamwambia mwenzake ‘nisambazie’ bila ya kutaja kitu gani. Sarufi ilikuwa imekwisha fanya kazi yake: kambishi ya kutendea ikambeba mpokeaji, na kitu chenyewe kikajulikana kwa muktadha. Ningependa msomaji akumbuke neno hili ‘nisambazie’, kwa sababu mengi yatakayofuata yamo ndani yake.

Kisha ikaja M-Pesa. Katika vyuo vya Kenya husikika mara kwa mara hadithi kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi wa chuo kikuu akanyang'anywa. Kumbukumbu zilizopo zasema vingine. Mpango ulianzia katika kampuni ya Vodafone, mikononi mwa Nick Hughes na Susie Lonie, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Ukajaribiwa kuanzia mwaka 2005, Thika ikiwa miongoni mwa mahali pa majaribio, na ukazinduliwa rasmi mwezi wa Machi 2007. Hata hivyo hadithi ile haifai kudharauliwa, maana inatuonyesha jinsi wanachuo wanavyoitazama programu hiyo. Huitazama kama kitu chao. Na sababu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba iliwasemesha kwa maneno yao.

Hebu tuyatazame maneno hayo. Mteja aliweza kuchagua Kiswahili, na akichagua aliona tuma, toa, lipa, nunua, salio, wakala. Hakuna hata neno moja hapo lililofinyangwa kwa ajili ya simu. ‘Wakala’ lilikuwako katika biashara ya pwani tangu zamani. ‘Salio’ latokana na kusalia, na kila aliyewahi kubakiwa na shilingi mbili alilifahamu. Mengine yote ni vitenzi vya silabi mbili au tatu. Programu ilikaa ndani ya kadi ya simu, ambamo nafasi ya herufi ni haba, na Kiswahili kikaonekana kimeumbwa kwa ajili ya nafasi hiyo.

Huduma zilizofuata zilichota katika kisima kile kile, na zilichota mbali zaidi kuliko wengi wetu tungethubutu. Huduma ya kukopa muda wa maongezi iliitwa Okoa Jahazi. Mwezi wa Novemba 2012 ikaanzishwa M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa. Mwezi wa Januari 2019 ikafuata Fuliza, inayomwezesha mtu kukamilisha malipo ijapokuwa pesa zake hazitoshi. Mwanachuo aliyezaliwa Kericho au Kakamega, ambaye huenda hajaona jahazi ila katika picha, hukopa shilingi kumi kwa lugha ya manahodha: chombo chake kinataka kuzama, akakiokoa, kisha bahari ikawa shwari. Lile la tatu lina kinaya ambacho wanafunzi wenyewe wamekiona na kukifanyia mzaha. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila ya kupumzika, kama mvua inavyofuliza. Na kwa kweli wako wanaofuliza kukopa kwa namna hiyo hiyo. Sidhani kwamba mwenye kulichagua jina alikusudia maana hiyo ya pili, lakini lugha haiombi ruhusa.

Hapa ndipo penye jambo la kutia wasiwasi. Jina la mkopo ni la Kiswahili kitamu, ilhali masharti yake marefu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Kuanzia mwaka 2014 zilitokea vile vile programu za kukopesha zilizopakuliwa kwenye simu zenye vioo vya kugusa; mojawapo ya zile za mwanzo iliitwa Mkopo Rahisi kabla ya kubadilishwa jina ikawa Tala. Wanachuo walikuwa miongoni mwa wale walioweza kuzifikia kwa wepesi, kwa kuwa zilihitaji simu na kitambulisho tu. Mpaka mwaka 2022 ndipo Benki Kuu ya Kenya ilipopata kanuni za kuwasimamia wakopeshaji wa namna hiyo. Katika miaka minane ya katikati, kijana aliweza kuingia katika deni kwa lugha aliyoinyonya na kusomewa hukumu yake kwa lugha aliyojifunza shuleni.

Sasa turudi chuoni tuone mambo yalikuwaje huko. Si kweli kwamba wasomi wa Kiswahili walilala. Mwezi wa Desemba 2004, kabla ya Sambaza wala M-Pesa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni moja ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi iliyotafsiriwa nzima kwa Kiswahili katika mpango ulioitwa Kilinux. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na ya kishujaa. Microsoft nayo ilitoa tafsiri yake katika muongo uo huo, na mwaka 2009 Facebook ikaweza kusomwa kwa Kiswahili. Katika miaka hiyo hiyo na hata kabla yake, istilahi zilikuwa zikibuniwa Kenya na Tanzania: tarakilishi, ngamizi, rununu, nywila, wavuti, arafa, barua pepe, tovuti, kitufe, kipanya.

Msomaji na ayatazame tena maneno hayo, kisha ayalinganishe na yale ya wafanyabiashara. Yote ni nomino. Sisi wasomi tulipoijia kompyuta tulijiuliza: kitu hiki kinaitwaje? Tukakaa katika vikao, tukavipa vitu majina, na mara nyingi tukavipa majina mawili mawili, hata leo mtungaji wa programu akitaka kuandika neno moja la siri la kufungulia mlango hajui aseme nywila ili apendwe na Nairobi au nenosiri ili apendwe na Dar es Salaam. Mfanyabiashara hakuuliza kitu kinaitwaje. Aliuliza: mtu anataka kufanya nini? Jibu la swali hilo katika Kiswahili ni kitenzi, na Kiswahili kina utajiri wa vitenzi ambao hauhitaji kikao.

Programu ya simu kwa umbo lake ni mkusanyiko wa vitufe, na kitufe ni agizo. Hakuna anayebonyeza kitufe kilichoandikwa tarakilishi. Hubonyezwa tuma, futa, tafuta, rudi, endelea. Kwa hiyo sehemu ya lugha inayokutana na kidole cha mwanafunzi ni ile ile ambayo sisi tuliishughulikia kidogo zaidi. Ni haki niongeze kwamba pale tulipoishughulikia tulifaulu vizuri sana. ‘Pakua’ ni mfano bora. Kitenzi hiki kina maana mbili za zamani: kutoa shehena katika chombo na kutoa chakula chunguni. Mtu anapopakua muhadhara kutoka mtandaoni anafanya yote mawili. Ameshusha mzigo na amejitilia sahanini. Hali kadhalika nakili, bandika, hifadhi. Maneno haya hayakupata upinzani wowote, wala hayakuhitaji jina la pili kwa ajili ya nchi ya pili.

Lakini maneno hayo yote mazuri hayakufika kwenye programu za vyuo. Kuanzia mwaka 2009, nyaya za baharini zilipofika Mombasa, intaneti ikaanza kuwa nyepesi. Mwezi wa Machi 2010 ikafunguliwa iHub katika barabara ya Ngong, Nairobi, ambako vijana waliotoka vyuoni walikutana kutunga programu. Muda si mrefu Safaricom ikaanza kuuza simu ya IDEOS, iliyotengenezwa na Huawei, kwa bei ya takriban shilingi 8,000, na kwa mara ya kwanza mwanachuo wa kawaida akaweza kuota kumiliki simu yenye kioo cha kugusa. Programu nyingi zilitungwa. Mojawapo ya zilizojulikana sana, M-Farm, iliyotungwa na wanawake vijana mwaka 2010, iliwasaidia wakulima kujua bei za mazao. Kwa mkulima, mtungaji alijua kwamba lazima afikirie lugha. Kwa mwanachuo mwenziwe hakuona haja, kwani si mwanachuo amefaulu mtihani wa Kiingereza?

Hoja hiyo ndiyo inayotolewa mpaka leo, na inafaa kujibiwa kwa uangalifu, maana haikosi ukweli. Mwanachuo wa Kenya husomeshwa kwa Kiingereza na hutahiniwa kwa Kiingereza. Akiona kwenye kioo neno la Kiingereza lenye maana ya kusajili, hatashindwa kulisoma. Majibu yangu ni mawili. La kwanza ni kwamba programu ya mwanachuo haitumiwi na mwanachuo peke yake. Karo hulipwa na mzazi, mara nyingi kwa simu kutoka kijijini. Fomu ya mkopo wa masomo hutaka habari za mzazi na za mdhamini. Barua ya kuitwa chuoni husomwa na ukoo mzima. Katika nyumba nyingi kijana hugeuka mkalimani wa kioo, akimweleza mama yake ni nini kimeandikwa na akimwomba aamini.

La pili ni gumu zaidi, nalo lahusu tofauti ya kusoma neno na kulitii. Katika mitambo mingi ya vyuo kuna kitufe cha kuhifadhi kazi iliyoandikwa na kitufe kingine cha kuikabidhi kwa mwalimu. Maneno ya Kiingereza yanayotumika hapo ni mafupi, na mwanafunzi anayajua yote mawili. Walakini kila mwalimu aliyesahihisha kazi kwa njia hii amewahi kukutana na mwanafunzi aliyehifadhi akidhani amekabidhi, na siku ya mwisho ikapita. Ukimwuliza kwa Kiswahili, ‘Je, uliwasilisha?’ hatasita, atajibu palepale kwamba hapana, aliweka tu. Lugha anayoitumia kutenda ndiyo iliyompa tofauti ambayo lugha ya kusomea ilimfichia. Sidai kwamba tafsiri ingeondoa makosa yote ya namna hiyo. Nadai kwamba mtu anayetoa pesa kwa Kiswahili kila siku bila ya kukosea shilingi ana haki ya kukabidhi insha yake kwa Kiswahili pia.

Na haki hiyo si ya kuombaomba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, yasema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Chuo cha umma ni chombo cha umma, na kioo chake ni kama ubao wa matangazo uliobandikwa mlangoni. Sijui kwa nini ubao wa mbao uonekane kuwa na wajibu na ubao wa kioo usionekane.

Mwezi wa Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, mambo haya yote yalijitokeza kwa mara moja. Masomo yalihamia kwenye simu. Wanafunzi walilalamikia gharama ya mtandao, jambo ambalo wauguzi wa Kilifi wangelitabiri. Mitambo rasmi iliendelea kuzungumza Kiingereza. Lakini kazi halisi ya kuelewana ilifanyika katika vikundi vya WhatsApp ambavyo kila darasa lilijiundia. Humo tangazo la mhadhiri liliingia kwa Kiingereza, na chini yake maswali na majibu yakafuata kwa Kiswahili, kwa Sheng, na kwa mchanganyiko ambao mwanasarufi asingependa kuutazama: muhadhara ni saa ngapi, nani amepakua ile makala, nitumieni basi. Ikiwa mtu ataka kujua programu ya wanachuo wa Kenya iliyotungwa na wanachuo wenyewe, kama ile ya Stanford ya mwaka 2008, naona ni hiyo. Hawakuandika hata mstari mmoja wa maagizo yake, lakini waliitawala kwa lugha yao.

Hapo ndipo mtungaji mwenye nia njema huamua kuitafsiri programu yake, na hapo ndipo hukutana na shida ambayo hakuonywa. Mtungaji aliyefundishwa kwa Kiingereza huandika ujumbe mmoja wa kumwarifu mtu kwamba kitu fulani kimefutwa, kisha huuacha mtambo uchomeke jina la kitu hicho mbele yake. Kwa Kiingereza neno la kufutwa halibadiliki. Kwa Kiswahili kitabu kimefutwa, faili limefutwa, ujumbe umefutwa, picha imefutwa, na mwanafunzi, Mungu apishe mbali, amefutwa. Mtungaji asiyejua hilo huchagua umbo moja, kwa kawaida lile la i-, na mtambo wake ukatangaza kwamba ‘kitabu imefutwa’. Wanafunzi hucheka. Wacheke au wasicheke, mtambo umezungumza hasa kama inavyozungumzwa katika mabasi ya Nairobi, ambako ngeli hiyo imekwisha kuzimeza nyingine nyingi, na pengine siku moja mwanaisimu ataandika kwamba mashine zilisaidia kuimaliza kazi hiyo. Vivyo hivyo katika hesabu: mtambo uliozoea kutanguliza tarakimu husema ‘3 vitabu’ mahali ambapo sisi tungesema vitabu 3.

Shida hii ina dawa, nayo ipo tayari. Katika hazina ya kimataifa ya kanuni za lugha ambayo mitambo mingi huitegemea, ijulikanayo kwa kifupi kama CLDR, Kiswahili kimewekewa maumbo mawili ya hesabu, umoja na wingi, kama vile Kiingereza. Ngeli hazimo katika kanuni hizo za hesabu. Lakini utaratibu unaotumika kuandikia jumbe zenye kubadilika unamruhusu mtungaji kujiwekea mafungu yoyote apendayo na kuandika umbo la sentensi kwa kila fungu. Utaratibu huo umezoewa zaidi kwa kutenganisha jinsia ya kike na ya kiume katika lugha za Ulaya. Hakuna kinachomzuia mtu kuuandikia mafungu ya A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, U-ZI na I-ZI, kila jina la kitu katika programu likapewa fungu lake, na kila kitenzi kikapewa kiambishi chake. Jedwali linalohitajiwa kwa kazi hiyo halina siri. Ni lile lile ambalo mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha kwanza alikuwa akiliandika ubaoni katika wiki za mwanzo za muhula, na ambalo mtungaji wa programu, kama alisoma Kenya, alilinakili katika daftari lake na kulifanyia mtihani.